Usiseme Mpaka Ukauke

Siku hiyo upepo ulikuwa mkali, basi Zuleica akaingiza jiko la mkaa ndani, chini ya paa la makuti. Akabandika karai la mafuta, akaanza kukaanga bajia.

Uani, mama mkwe wake, Bibi Awa, alikuwa anampaka jirani yao msiro usoni. Jirani huyo ni Lurdes, mwanamke wa bara, aliyewahi kupika Afungi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa gesi. Msiro ni mti unaosagwa kwenye jiwe mpaka utoe uji mweupe wa kung'arisha ngozi.

"Sasa sikiliza," akasema Bibi Awa. "Usicheke, usiseme, mpaka ukauke. Ukisema, unapasuka."

"Hata kidogo?"

"Umeshasema!"

Lurdes akaenda kukaa barazani kwake, amekaza uso. Bibi Awa akaingia chumbani kujinyoosha karibu na mjukuu wake, Abdurrazaque, mtoto wa miezi sita mwenye jina kubwa kuliko yeye.

Zuleica akatoka mlangoni kidogo kumjibu mwuza samaki. Kurudi, karai linawaka! Akafanya ambalo wengi wetu tungefanya: akamwaga ndoo nzima ya maji. Lahaula! Mafuta yakalipuka, moto ukaruka mpaka kwenye makuti. Zuleica akajikuta nje anapiga kelele.

"Mwanangu! Mama yumo ndani!"

Moshi umeziba mlango. Akaona mwanawe ndiyo basi tena.

Lurdes akaja mbio. Akalowesha kapulana, nguo yake ya kujifunga, akajifunika, akapita mlango wa uani, ulio mbali na jiko. Akaingia akitambaa chini ya moshi. Nje wakasikia ukelele.

"Audhubillahi! Jini jeupe! Toka!"

"Bibi, ni mie, Lurdes!"

"Muongo! Lurdes nimemwacha anakausha msiro!"

"Ndio huu, Bibi! Twende, nyumba inaungua!"

"Si nilikwambia usiseme? Ona, umepasuka wote!"

Lurdes akamkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, kwa wa pili akamburura Bibi Awa, wakatoka wakitambaa. Bibi aligomba na kukohoa njia nzima. Zuleica akampokea mwanawe, akalia kwa sauti bila kuona haya. Majirani wakavuta makuti chini, wakauzima moto. Chumba cha jiko kiliteketea, lakini watu wote walikuwa wazima.

Jioni, mbele ya Bibi Awa, Zuleica akauliza, "Dada Lurdes, nimekosea wapi?"

"Maji. Mafuta yanayowaka ukiyatia maji, yanaruka na moto wake. Kule kambini walitufundisha: funika karai kwa mfuniko. Usilibebe, usilifunue mpaka lipoe. Moto ukikushinda, toa watu, vitu acha."

"Na moshi?"

"Tambaa. Hewa ya kupumua iko chini. Na jiko likae mbali na makuti, upepo au si upepo."

Abibo, mume wa Zuleica, akajenga jiko la udongo nje, akaliezeka kwa mabati. Mfuniko mkubwa ukatundikwa ukutani.

Mwezi haujaisha, karai likawaka tena. Aliyekuwa karibu ni Bibi Awa, uso mweupe kwa msiro mbichi. Zuleica akashtuka, mkono ukaenda kwenye ndoo. Bibi akampiga kofi mkononi. Akatwaa mfuniko, akausukuma taratibu juu ya karai, akarudi nyuma. Moto ukafa.

"Bibi, umeuzima!" Lurdes akapiga vigelegele toka barazani kwake. "Umewezaje? Hebu sema!"

Bibi Awa akamtazama kwa hasira, akajionyesha shavu kwa kidole. Msiro ulikuwa bado haujakauka.