Shangazi na Maji ya Tangi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Tena mjinga mwenye bidii, ambaye ndiye hatari zaidi.

Tulikuwa tumemzika baba mkwe wangu, Mzee Alf. Mvua zilikuwa zimeanza hapa Townsville, mji wa pwani ya Australia, na watu walikuja matangani na miamvuli na sahani za sandwichi. Walipoondoka, nyumba ilibaki na watu wawili, mimi na mke wangu Delma. Na sebuleni ilibaki akwariamu ya marehemu: sanduku la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, lenye maji ya chumvi na mawe ya baharini.

Ndani yake waliishi samaki wawili wa rangi ya machungwa, wenye mistari myeupe. Pia aliishi Shangazi. Shangazi alikuwa mnyama wa baharini anayefanana na ua, mwenye vidole vingi laini. Mzee Alf alimwita hivyo kwa sababu samaki wale walijificha katikati ya vidole vyake, kama watoto wanaokimbilia sketi ya shangazi yao baba akikasirika. Alimtunza tangu Delma akiwa msichana wa shule.

Kila asubuhi Delma alimlisha kipande cha nyama ya kamba wa baharini. "Habari za asubuhi, Shangazi," alimwambia. "Baba anakusalimu."

Hata baada ya mazishi alisema hivyo hivyo. Mimi niligeukia dirishani, nikajifanya natazama mvua.

Jumamosi Delma hakutoka kitandani. Alilala akiangalia ukuta.

"Leo ni siku ya kubadilisha maji," alisema. "Sina nguvu, Merv."

"Lala, mama. Nitabadilisha mimi."

"Unajua lakini?"

"Maji na chumvi tu! Mimi si ndiye ninayechemsha viazi humu ndani?"

Mimi nimekulia bara, kwenye ng'ombe na vumbi. Kwetu, maji ni ya mvua. Tunayakinga kwenye paa la bati, yanaingia katika tangi nyuma ya nyumba, na tunayasifu mbele ya wageni kama wengine wanavyosifu divai. Maji ya mji, yale yenye dawa, tunaoshea gari. Basi nikajiambia, wanyama wa marehemu hawawezi kupewa maji ya kuoshea gari.

Nikaenda jikoni, nikafungua bomba la tangi la mvua, ambalo hata hapa mjini tunalo, nikajaza ndoo. Nikatoa nusu ya maji ya akwariamu, nikamimina ya kwangu. Kisha nikamwaga chumvi ya akwariamu humo humo, juu ya vichwa vyao.

Jioni Shangazi alikuwa amejikunja kama soksi iliyolowa.

"Merv, ana nini?" Delma aliuliza.

"Amelala tu," nilisema.

Asubuhi alikuwa ameachia jiwe alilokuwa akilishikilia siku zote. Alikuwa analegea, na maji yalinuka. Samaki walikuwa juu kabisa, wakihema. Delma hakupiga kelele. Angepiga, ningeshukuru.

Nilikimbia kwa jirani yetu, Dorrie, anayefuga matumbawe kila chumba, hata bafuni. Alikuja na ndara zake na kichupa cha dawa ya kupimia maji.

"Nionyeshe maji uliyotia."

Nikampeleka jikoni, Delma nyuma yetu. Hakuangalia bomba. Aliangalia sinki chini yake, penye doa la kijani.

"Hii nini?"

"Doa tu. Nimelisugua mpaka nimechoka," Delma alijibu.

"Hiyo ni shaba. Maji ya mvua yanakula bomba lenu la shaba kidogo kidogo. Na bati linaongeza zinki. Kwa mnyama laini kama Shangazi, hata kidogo kisichoonekana ni sumu."

"Dorrie, haya ni maji ya mawinguni!" nilisema.

"Yalitoka mawinguni, ndugu yangu. Hapa yametoka bombani kwako."

Akarudi sebuleni, akadondosha dawa ndani ya maji ya akwariamu. Yakabadilika rangi.

"Atapona?" Delma aliuliza.

Dorrie aliweka kichupa chini. "Hapana, Delma. Na lazima atolewe sasa hivi. Akiozea humo, atawaua na samaki."

Delma alivaa glavu, akaingiza mkono mpaka begani. Akamtoa Shangazi polepole, akamfunga kwenye taulo la jikoni. "Sasa baba ameondoka kweli," alisema.

Nikachukua kitambaa, nikapangusa maji yaliyomwagika.

Delma akakaa sakafuni. Dorrie akaenda kwake, akarudi na maji ya chumvi aliyokwisha kuyaandaa, akanifundisha.

"Ndoo hii ni ya samaki tu. Ikiguswa na sabuni hata mara moja, kaoshee gari."

"Sawa."

"Maji yawe yaliyochujwa kwa mashine ya akwariamu. Duka la samaki wa kufuga wanayo. Ukikosa, chukua ya mji, lakini utie kwanza dawa ya kuondoa klorini. Halafu?"

"Chumvi."

"Chumvi gani?"

"Ya akwariamu. Si ya viazi."

"Umeanza kupata akili. Unaitia kwenye maji ya ndoo, siyo juu ya samaki. Pampu ndogo iyazungushe mpaka kesho, yawe maangavu. Kisha unapima chumvi na joto. Vilingane na vya ndani. Na kabla ya kutoa maji, chomoa kwenye umeme ile hita inayopasha maji yao joto. Sitaki kurudi hapa kwenye msiba wako."

"Nibadilishe kiasi gani?"

"Sehemu moja katika kumi. Hawa siyo nguo za kuloweka."

Kwa kuwa maji yalikuwa na sumu, tulibadilisha kidogo kila siku, tukaweka na mfuko wa mkaa maalumu wa kuvuta shaba. Dorrie alipima mpaka rangi ikaacha kubadilika. Samaki walipona, wakaanza kula. Lakini walizunguka jiwe lile tupu, wakiutafuta mlango wa nyumba yao.

Delma akanunua chungu kidogo cha udongo, akakisuuza kwa maji yaliyochujwa, akakilaza pale. Wiki kadhaa baadaye waliingia. Kisha wakataga mayai, yamejipanga ukutani mwa chungu kama shanga.

Delma alisimama mbele ya kioo. "Habari za asubuhi," alisema. Hakuongeza kitu.

Juzi kaka yangu Kelvin alikuja kutoka bara. Alinikuta napima chumvi kwenye ndoo, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Tangi limejaa, na wewe unanunulia samaki maji! Mji umekuharibu. Baba yetu alikunywa maji ya tangi maisha yake yote. Yalimfanya nini?"

"Kelvin, hujui—"

"Nijibu! Yalimfanya nini?"

Delma hakugeuka kutoka kwenye kioo.

"Baba yenu aliyanywa, Kelvin. Hawa wa baba yangu wanayapumua."