Kisima cha Bibi Mbuke

Kila siku baada ya masomo Asteria alimpelekea mama yake chakula kazini kwake karasha, na kila siku alichelewa. Uvivu haukuwa tabia yake. Tatizo lilikuwa mawazo: miguu ilitembea hapa hapa Rwamgasa, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshafika mbali. Kuna siku aliipita hata karasha yenyewe, pamoja na kelele zake zote, akaenda kusimama kwenye zizi la jirani na bakuli la ugali mkononi. Ng'ombe ndio waliomzindua.

Mama Asteria alitunza viroba pale karasha, mahali mawe ya dhahabu yanaposagwa yakawa unga. Wachimbaji waliyaleta kutoka kwenye mashimo yao, ambayo huyaita maduara, na kila kiroba kilifungwa mdomo kwa kitambaa. Chekundu ni cha duara hili, cha kijani ni cha duara lile. Asteria alipenda kuvitazama vitambaa hivyo vikipepea katikati ya vumbi jeupe. Alijiona yuko harusini, na viroba ndio wageni waalikwa.

Jioni moja alimkuta bibi yake, Mbuke, amekaa mkekani akikata viazi vitamu vya kuanika, vya michembe.

"Mwadila, mayu," Asteria alimsalimu kwa Kisukuma, maana bibi alitumia Kiswahili kanisani tu.

"Mwadila, ng'wanone," bibi alimwitikia mjukuu wake. "Chukua kisu, unisaidie."

Asteria alikaa. Kichwani alikuwa na insha aliyowapa Mwalimu Donatus, mwalimu wao wa darasa la sita: "Maji ya Kijiji Chetu". Parokia ilikuwa imeahidi kuichimbia shule kisima, lakini fundi angechimba shimo moja tu. Likitoka kavu, basi tena. Watoto wangeendelea kunywa maji ya bwawa, na wale wadogo wa darasa la kwanza wangeendelea kulia matumbo. Kwa hiyo mwalimu alitaka wanafunzi watafute habari za maji. "Na mwisho wa insha mtaje mlikozipata," alisisitiza. "Kama ni kitabu, kitajeni. Kama ni mtu, mtajeni."

"Bibi, zamani mlichota maji wapi?" Asteria aliuliza.

Kisu cha bibi kikasimama. Kisha akaanza kusimulia taratibu, macho yake yakitazama mbali. Alisimulia chemchemi iliyokuwa kwenye matete, nyuma ya ilipo shule sasa, maji yake baridi hata kiangazi. Wasichana walikwenda alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani, nao walinong'ona tu ili wasiyaamshe maji. Baadaye watu walihamia kwenye dhahabu, chemchemi ikafunikwa kwa jiwe bapa ili ng'ombe wasitumbukie, nayo ikasahaulika.

Asteria alisikiliza kisu kikiwa mkononi bila kazi. Aliuona ukungu, akasikia hata baridi ya maji miguuni. Kabla jua halijazama alikuwa amejaza kurasa tatu. Alipofika mwisho, kalamu ikasita.

Amtaje bibi? Lakini bibi hakujua kusoma. Tena alisimulia kwa Kisukuma, na hiki Kiswahili kizuri alikitafuta Asteria mwenyewe, neno kwa neno. Akaandika: "Nimetunga mwenyewe." Roho ilimchoma kidogo, akafunga daftari upesi.

Siku ya kusahihisha, Mwalimu Donatus alianza na insha ya Zipora, rafiki wa Asteria.

"Zipora, umeandika kwamba mto wetu huganda theluji inapoanguka. Hebu tukumbushe, Rwamgasa theluji huanguka mwezi gani?"

Darasa likaangua kicheko. Zipora aliinamisha kichwa. "Nilinakili kwenye simu ya kaka, mwalimu. Sikusoma mpaka mwisho."

Asteria alicheka na wenzake, tena kwa sauti. Insha yake haikutoka kwenye simu ya mtu yeyote.

"Sasa sikilizeni hii," mwalimu alisema, akaisoma insha ya Asteria yote. Hata wa madirishani wakaacha kuchungulia nje. "Hongera sana! Na umesema ni habari zako mwenyewe. Basi mahali unapafahamu. Alhamisi fundi anakuja, nawe utatuonyesha."

Furaha yote ya Asteria ikamwishia hapo hapo.

Alitoka akaenda kutafuta. Nyuma ya shule matete yalikuwa sehemu tatu: moja kwenye bonde, moja kando ya njia ya ng'ombe, moja kule juu karibu na miamba. Alizunguka mpaka akachoka. Angemuuliza bibi, lakini bibi angetaka kujua kwa nini, na angejibu nini? Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa ameshaanza kuuona mwisho wake.

Jumatano alipopeleka chakula karasha, alikuta mchimbaji mmoja aitwaye Jilala ameshika kichwa. Katika kiroba chake kimoja mlikuwa mmetoka dhahabu nyingi kuliko alivyowahi kupata. Lakini kitambaa kilikuwa kimedondoka njiani.

"Nina maduara mawili, Mama Asteria! Kiroba hiki kimetoka lipi?"

"Mimi nitajuaje, baba?" mama alimjibu kwa huruma. "Dhahabu umeipata, lakini duara limekupotea. Kesho utarudi kuchimba wapi?"

Asteria aliweka bakuli chini. Safari hii mawazo hayakumpeleka popote. Alikuwa pale pale, na maneno ya mama yalimwingia moja kwa moja. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Alhamisi asubuhi shule nzima ilitoka nje. Fundi Sostenes alikuwa na sururu begani. "Mtoto wa insha yuko wapi?" aliuliza kwa uchangamfu. Wakamfuata Asteria hadi kwenye matete ya bondeni, yaliyokuwa karibu kuliko yote.

"Ni hapa?"

Asteria alivuta tete moja, akalikunja. Fundi akadhani ni aibu ya kitoto, akainua sururu. Kando yake watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamejipanga na vikombe vyao, kana kwamba maji yangetoka dakika ile ile.

"Ngoja, fundi! Shikamoo, ngoja!" Asteria alipaza sauti, machozi yakimtoka. "Mwalimu, habari zile si zangu. Alinisimulia Bibi Mbuke kwa Kisukuma, nami nikaandika ni zangu. Mahali sipajui."

Minong'ono ikaenea. Zipora alimtazama, lakini hakucheka. Mwalimu Donatus akasema, "Mkamlete bibi."

Zipora ndiye aliyekimbia. Bibi Mbuke alikuja na fimbo yake, mikono ikiwa bado na utomvu wa viazi. Alipoelezwa, alilitazama bonde akatikisa kichwa. "Hapa? Hapa tulilisha ndama. Ng'wanone, hukuniuliza matete yapi. Ungeniuliza, ningekuambia tafuta mwamba wenye vishimo vya kusagia mtama."

Aliwaongoza kule juu, polepole, shule nzima nyuma yake. Mwamba ulikuwepo. Hatua chache mbele yake fimbo ya bibi iligonga kitu kigumu chini ya majani: jiwe bapa. Fundi Sostenes na wenzake walichimba pale kwa siku nne. Siku ya tano maji yakapanda, kwanza ya matope, kisha meupe.

Mwalimu Donatus alimwita Asteria mbele ya wenzake. "Nimekupunguzia alama, kwa sababu ulichukua kazi ya mtu ukaiita yako. Simu, kitabu au bibi, kwa lugha yoyote ile, ni mamoja. Kusimuliwa si aibu, wanangu. Aibu ni kumficha aliyekusimulia. Na ukimficha, sisi wengine tukitaka kuuliza zaidi, tutamwendea nani? Kidogo tuchimbe shimo kavu."

"Kama kiroba kisicho na kitambaa," Asteria alisema kwa sauti ndogo.

"Naam. Funga kitambaa chako, mwanangu, kisha andika upya."

Jioni ile Asteria alimsomea bibi insha mpya. Mwisho aliandika: "Habari hizi nimesimuliwa na bibi yangu, Mbuke, kwa Kisukuma. Mimi nimeziandika kwa Kiswahili."

Bibi aliacha kukata viazi. "Jina langu liko wapi hapo?"

Asteria alimwonyesha. Bibi aliliwekea kidole, akakaa nalo kwa muda mrefu, midomo ikimcheza bila sauti.

"Wabeja, ng'wanone," alishukuru hatimaye. "Sasa kesho niulize tena. Yapo mengi bado."

Kidole kilipoondoka, doa la utomvu lilibaki juu ya jina. Asteria hakulifuta.