Kikopo cha Kinyaa

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Kinyaa alikinusa kikombe, akakisuuza, akakinusa tena. Nzi akitua mezani, basi, kula kumekwisha. Jina hilo alipewa na kaka yake, nalo likamganda mpaka shuleni.

Kilichomchefua kuliko vyote ni choo cha nyumbani kwao. Njia ya kwendea huko ilipita kwenye tope jeusi linalonuka. Kinyaa hakutaka viatu vyake viguse uchafu ule, kwa hiyo alivivua, akapita pekupeku huku ameziba pua, kisha akaisugua miguu kwa maji mpaka ikang'aa. Darasani hakuna aliyekuwa na viatu visafi kama vyake. Ila siku hizi alichoka upesi, na akipandisha ndoo ya maji alihema kama bibi kizee.

Muhula ule walipata mgeni. Alikuwa mwanafunzi wa chuo cha afya, anasomea kazi ya maabara, na chuo kilimpeleka kijijini kufanya mazoezi kwenye zahanati. Watoto walimwita Dada Hadubini, kwa sababu ya chombo alichokuja nacho cha kutazamia vitu visivyoonekana kwa macho. Alifikia nyumbani kwao Kinyaa, wakalala chumba kimoja, akalalamika kuliko yeye.

"Mdogo wangu, mimi nilitaka hospitali kubwa ya mjini," alisema. "Nipime damu, nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Hapa nimepewa nini? Choo cha shule nzima!"

Hakuwa akitania. Alitakiwa kuwapima wanafunzi wote minyoo. Kila mmoja alipewa kikopo chenye namba, pamoja na kijiti, alete choo chake kesho yake. Darasa zima likaangua kicheko. Kinyaa hakucheka. Mate yalimjaa mdomoni, akahisi chai inampanda kooni.

Asubuhi aliingia chooni na kikopo, akafumba macho, akajaribu. Ikamshinda, akatoka mbio akitema mate. Muda wa kengele ulikuwa umekaribia. Nyuma ya banda akaona kinyesi cha mbuzi, punje ndogo kavu, hazina hata nzi. Alizisukuma ndani ya kikopo, akadondoshea maji, akaziponda huku uso ameugeuza pembeni, akafunika.

"Choo ni choo," alijiambia. "Nani atajua?"

Siku mkufunzi wa Dada Hadubini alipokuja kukagua kazi, Kinyaa alitumwa na mama yake kupeleka chakula zahanati. Alisimama mlangoni na bakuli. Dirisha lilikuwa wazi, lakini chumba kilinuka hivyo hivyo, na nzi walikuwa wakizunguka vikopo vilivyojaa mezani.

Mkufunzi, mtu mnene mwenye sauti nzito, aliinamia hadubini kwa muda mrefu. "Huyu mtoto anakula majani?"

"Sijui, mwalimu."

"Haya ni mayai ya minyoo ya mbuzi! Na hizi nyuzi ni nyasi. Umeokota wapi uchafu huu?"

"Ndani ya kikopo, mwalimu. Sikuchanganya."

"Kama hiki ni cha uongo, nitaviaminije vingine? Watoto watapewa dawa kwa neno lako! Mwaga vyote. Na mazoezi haya umeshindwa."

Dada Hadubini alitazama kucha zake, nyekundu kwa kusuguliwa. Tangu kazi ianze alikuwa akirudi jioni hata chakula hakipiti. Kinyaa aliliweka bakuli chini, akaingia ndani. Alijichukia mwenyewe.

"Ni mimi," alisema. "Niliweka kinyesi cha mbuzi. Niliona kinyaa."

Mkufunzi aliinua kichwa kwenye hadubini.

"Mbuzi wa nani?" mkufunzi aliuliza.

"Wa kwetu."

"Basi mpeni dawa, ana minyoo. Sasa lete cha kwako."

Kinyaa alichukua kikopo kipya. Alitapika njiani, akajifuta mdomo, akaenda kumaliza kazi. Aliporudi, Dada Hadubini alikipima palepale.

"Mdogo wangu, una minyoo ya safura. Inakunyonya damu. Huwa unatembea pekupeku wapi?"

"Kwenye tope la chooni tu. Nisichafue viatu."

Dada Hadubini alifumba macho. "Minyoo hii inakaa kwenye udongo wenye kinyesi, inapenya ngozi ya mguu. Umeviokoa viatu, miguu ukaiacha iliwe."

Walimruhusu kutazama kwenye hadubini. Aliona yai dogo lenye ganda jembamba, kumbe limetoka tumboni mwake. Vinyweleo vilimsimama.

Alipewa vidonge. Kaka yake akamwaga changarawe kwenye lile tope, na taratibu nguvu zikamrudia. Dada Hadubini alisamehewa, akawapima wote. Mazoezi yalipokwisha, mkufunzi alikuja kumchukua kwa gari.

"Mwalimu, nikimaliza chuo nipangieni zahanati ya kijijini," Dada Hadubini alimwambia. "Mjini ningepima damu mwaka mzima nisijue aliyeitoa anakanyaga wapi."

"Na harufu?"

"Bado inanichefua."

Mkufunzi alicheka, kisha akamgeukia Kinyaa. "Sikia, binti. Kuona kinyaa si dhambi. Hata mimi, na uzee huu, kuna siku chakula kinanishinda. Lakini usikubali kinyaa kikufundishe kusema uongo. Uongo wako nusura umnyime huyu kazi yake, na wewe ungebaki unanyonywa damu huku unanawa miguu. Jambo likikushinda, sema limekushinda. Utasaidiwa."

"Nimesikia, mwalimu," Kinyaa alisema. Kisha akashika upande mmoja wa sanduku la vikopo, akasaidia kulibeba mpaka garini, uso ameukunja njia nzima.