Juisi Nyekundu ya Fundi Pindo

Fundi Pindo hushona suruali barazani kwake. Zamani alimaliza tatu kwa siku. Sasa hata kukanyaga cherehani kunamkata pumzi. Figo zake zimeshindwa kazi, na mara mbili kwa wiki huenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Hilo yeye na mkewe walilizoea. Kilichowachanganya ni damu kupungua. Sindano za kuongeza damu alichomwa, vidonge alimeza. Damu ikabaki sita, wakati mwanamume mwenye afya huwa na kumi na tatu au zaidi.

Mkewe hakukaa bure. Kila asubuhi alisaga spinachi na bitiruti.

"Kunywa, mume wangu. Chekundu huleta chekundu."

"Mbona nakunywa na miguu inazidi kuwa mizito?"

"Basi nitaongeza glasi ya pili."

Daktari alichukua uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, akaupima. Walirudi na neno moja wasilolielewa: oksaleti. Wakaenda kwa jirani yao, Sista, ambaye ni muuguzi.

"Sista, eti mifupani kuna vijiwe. Vimeingiaje?" mke aliuliza.

"Oksaleti ni taka ya mwili, hutoka kwa mkojo. Ini la shemeji linatengeneza nyingi mno, tangu azaliwe. Figo zimeshindwa kuitoa, sasa imeganda ndani ya uboho. Na damu hutengenezwa humo humo. Karakana ikijaa kokoto, mafundi watafanyia kazi wapi?"

"Ndiyo maana sindano hazikusaidia?"

"Ndiyo. Anakula nini?"

Walimtajia juisi. Sista alipowaambia kuwa spinachi na bitiruti zina oksaleti tele, mke alikaa chini.

"Lakini kila mtu anasema zinaongeza damu."

"Kwa wengi hazina shida. Kwake ni kokoto juu ya kokoto. Mlimwambia daktari?"

"Aliuliza dawa. Juisi si dawa."

"Mwambieni kila kinachopita kooni. Na binti yenu apimwe, ugonjwa huu hurithiwa."

Mke alijiona amemlisha mumewe sumu kwa mkono wake.

"Usijilaumu," Fundi alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa naomba sukari zaidi ili niimalize glasi."

Juisi ikaachwa. Daktari akaongeza siku za mashine na dawa ya kupunguza oksaleti. Baada ya miezi mitano damu ilifika nane. Si nyingi, lakini Fundi anamaliza suruali moja kwa siku.

Binti alikutwa na ugonjwa uleule. Figo zake bado nzima.

"Mmewahi," daktari alisema.

Mama yake alifuta machozi, akavuta kiti karibu na meza ya daktari.

"Leo nimpikie binti yangu nini?" akauliza.