Utepe wa Zambarau

Jumamosi ile soko la kompyuta la Guanghua lilikuwa limefurika hadi kwenye ngazi. Mvua ya Taipei ilikuwa imewasukumia humo watu wote waliokosa pa kwenda, kila mmoja na mwavuli unaochuruzika. Yunju alikuwa anarudi na chai yake ya maziwa, mrija mdomoni, akagongana na kasha jeusi la kompyuta lililokuwa kama linatembea lenyewe. Nyuma ya kasha alikuwepo kijana mrefu, koti la mvua la manjano limemganda mwilini, miwani imejaa ukungu.

"Samahani dada, sioni mbele."

"Hilo nimeliona. Chai yangu yote iko kifuani kwako."

Kijana aliinamisha kichwa akaitazama ile chai ikishuka hadi kwenye viatu. "Nitakununulia nyingine. Ila kwanza nielekeze kwa fundi mzuri. Hili dude linanguruma kama pikipiki."

"Unataka fundi mzuri au fundi wa karibu?"

"Mzuri."

"Haya, nifuate."

Alimfikisha kibandani kwake mwenyewe, akazunguka upande wa pili wa meza, akachomoa bisibisi ndogo iliyokuwa imezibana nywele zake. Nywele zikamwagika mabegani juu ya fulana nyeusi. Kijana, aliyejitambulisha kwa jina la Chengyi, alifuta miwani yake mara mbili ingawa mara ya kwanza ilitosha.

Yunju alifungua ubavu wa kompyuta, akavuta bunda la manyoya meupe kutoka kwenye feni.

"Unafuga paka?"

"Mmoja."

"Wa pili yuko humu."

Alipuliza vumbi, akang'oa feni ya prosesa, akakwangua ile dawa ya kupoozea iliyokuwa imekauka kama ukoko wa wali, akapaka nyingine. Aliongeza RAM, kwa sababu Chengyi alikuwa mhariri wa filamu za harusi na mashine yake ilikuwa ikihema kila bibi harusi alipoanza kutabasamu. Nyaya alizifunga kwa vifungio vyeusi, akavikata mikia karibu kabisa. Mwisho aliweka juu ya kasha pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi. Huku kwetu hakuna mtu mwenye akili zake anayeacha mashine bila pakiti hiyo, isije ikaleta ukaidi. Haifunguliwi wala hailiwi, na tarehe yake ikipita unaweka nyingine.

"Nikiona njaa je?" Chengyi aliuliza.

"Ukiila, usinirudie."

Lakini alirudi. Kila wiki kompyuta ya Chengyi ilipata ugonjwa mpya, na sisi wa ghorofa ile tulijua kwamba skrubu hazijilegezi zenyewe. Mara feni inalia, mara diski nzito, mara haiwaki kabisa kwa sababu kuna mtu amechomoa waya na anajifanya hajui. Yunju alijua pia. Alimwachia, kwa kuwa kijana alikuja na chai ya maziwa kila mara na alimwita "daktari wangu" kwa sauti iliyomfanya akosee tundu la skrubu. Wakawa wapenzi, na soko zima likapata la kusema.

Sasa mapenzi yakizoeleka, kile kilichokuwa kitamu ndicho huanza kukera. Siku moja simu iliita Yunju akiwa na wateja watatu mbele yake.

"Laazizi, una nafasi?"

"Kompyuta imefanya nini tena?"

"Kelele kidogo tu, upande wa kulia."

"Chengyi, leo feni, jana diski. Hivi unanipenda mimi au unaipenda bisibisi yangu?"

"Nawapenda wote wawili."

Yunju hakucheka. "Siku utakayonipigia kompyuta yako ikiwa nzima, siku hiyo nitajua nina mwanaume."

Akakata simu. Baada ya saa moja alikuwa ameshasahau alichosema. Chengyi hakusahau hata neno.

Hapa lazima nimtaje Huilan. Kibanda chake kilitazamana na cha Yunju, njia moja tu katikati. Walifundishwa kazi na fundi mmoja, wakala chakula kwenye boksi moja, mpaka Huilan alipofungua kibanda chake palepale mbele na wateja wakaanza kuvuka njia. Alikuwa mzuri, tena alijua. Sketi ya jinzi, kucha za zambarau, sauti ya kubembeleza hata spika mbovu. Nyaya zake alizifunga kwa utepe wa zambarau, akiuzungusha mara mbili na kuuacha mkia uangukie kushoto. Ukifungua kompyuta ukaona utepe ule, umeona saini yake. Yunju alikuwa hawezi kuvaa hata soksi za rangi hiyo.

Sikukuu ya mwezi mpevu ilipokaribia, Yunju alimwalika Chengyi kwenye nyama choma mbele ya nyumba ya baba yake. Kwetu hilo si jambo dogo. Kumketisha mwanaume kwenye kigoda cha plastiki kando ya jiko la baba, majirani wote wakiwa barazani na majiko yao, ni kutangaza uchumba bila kipaza sauti. Chengyi alishanunua shati jeupe.

Siku chache kabla, Yunju alimpitia nyumbani kwake Banqiao na balungi kubwa mkononi. Mlango ulikuwa wazi, Chengyi alikuwa bafuni, anaimba. Paka alikuwa amelala juu ya kibodi. Yunju akaketi, macho yakaenda yenyewe kwenye kompyuta, kwenye ubavu wake wa kioo, yakaganda.

Vifungio vyake vyeusi havikuwepo. Feni ya prosesa ilikuwa mpya, kubwa, asiyoijua. Na nyaya zote, kuanzia juu hadi chini, zilikuwa zimefungwa kwa utepe wa zambarau, mkia ukiangukia kushoto. Hata pakiti ya kijani haikuwa ile yake. Palikuwa na nyingine, mpya, inang'aa.

Mwanamke mwingine huona nywele kwenye koti, akabaki na mashaka. Yunju alikuwa fundi, na mashaka hakuwa nayo. Alijua vidole vya nani vilipita wapi, vilianzia waya upi na vikamalizia upi. Wakati huohuo simu ya Chengyi mezani ikawaka. Ulikuwa ujumbe wa Huilan: "Kesho njoo mapema. Leo mikono yako ilitetemeka sana."

Chengyi alitoka na taulo shingoni, uso umejaa furaha. "Mpenzi, mbona hukuniambia unakuja?"

"Nani amefungua kompyuta yangu?"

"Kompyuta yako?"

"Usinichezee. Nani ameifungua?"

Chengyi aliitazama simu, akaitazama kompyuta, masikio yakawa mekundu. "Ni jambo dogo tu, Yunju. Nilitaka nikwambie siku ya nyama choma."

"Mbele ya baba?"

"Ndiyo, mbele ya baba. Vumilia kidogo."

"Mikono yako ilikuwa inatetemekea nini?"

Chengyi aliigeuza simu kifudifudi mezani, na hilo likamchoma Yunju kuliko jibu lolote. Alichukua balungi lake, akalikumbatia kama mtoto anayeondolewa kwenye nyumba mbaya.

"Usije kwenye nyama choma," alisema. "Mwambie huyo mwenye kucha akuchomee."

Siku zilizofuata alikuwa mtu wa kuogopwa. Alifanya kazi huku macho yake yakivuka njia. Huilan akicheka na mteja, Yunju alisikia jina la Chengyi. Huilan akinyamaza, Yunju aliona anawaza kuhusu Chengyi. Aliota wameinamia kasha moja, vichwa vimegusana, akaamka ameuma mto. Simu ya Chengyi iliita, hakupokea. Isipoita aliitazama kwa chuki, akijiambia kwamba sasa wako pamoja.

"Dada Yunju," Huilan alimwita siku moja kutoka ng'ambo, "umenuna nini? Nimekukosea?"

"Fanya kazi zako."

Sikukuu ikafika, soko likafungwa, Huilan akapanda treni kwenda kwao Pingtung. Mtaa wa baba yake Yunju ulijaa moshi na harufu ya soseji. Watoto walivaa maganda ya balungi kichwani kama kofia, desturi ya sikukuu hii. Baba, mzee Lai, alikuwa akipaka mchuzi kwenye mkate anauweka mkaani, na kigoda kimoja kando yake kilikuwa kitupu. Hakukiondoa, wala Yunju hakumwambia akiondoe.

Kabla jua halijazama pikipiki ikasimama mbele yao. Chengyi alishuka akiwa na shati jeupe, na nyuma yake kasha la kompyuta limefungwa kwa kamba.

"Nilikwambia usije."

"Sikuja kwa nyama. Imezima, Yunju. Kuna harusi kesho, filamu ya maharusi inatakiwa ukumbini, na kila nikiiwasha inakaa kidogo inazima."

"Mpigie fundi wako."

"Nimempigia. Yuko Pingtung."

"Kwa hiyo ulimpigia yeye kwanza."

Majirani waliacha kupepea majiko yao. Mzee Lai aligeuza soseji moja ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

"Yunju," alisema, "fungua hicho kitu kwanza. Ugomvi utauendeleza ukimaliza, sisi tupo."

Alisafisha meza ya plastiki, akalaza kompyuta, akachomoa bisibisi kichwani. Hakuufungua utepe wa zambarau. Aliukata kwa mkasi, kipande kwa kipande, na kila kipande alikitupa mkaani huku akimtazama Chengyi usoni. Kisha akashika ile feni mpya, akafungua skrubu zake nne, akainyanyua pamoja na chuma chake.

Akasimama hivyohivyo, feni mkononi.

Chini ya chuma, pale panapogusana na prosesa, kulikuwa na karatasi ya nailoni, laini, imekunjamana kwa joto. Ilikuwa na maandishi mekundu makubwa: ondoa kabla ya kufunga. Nailoni hiyo ikibaki, joto halina pa kupitia, na mashine hujizima isiungue. Hakuna fundi anayeiacha. Yunju alimchukia Huilan kwa moyo wake wote, lakini alijua Huilan asingeiacha hata akiwa amefumba macho.

"Nani amefunga hii?" aliuliza polepole.

"Mimi."

"Na Huilan alikuwa wapi?"

"Kibandani kwake. Nilikuwa naenda kujifunza, siku ulizokuwa umetoka kwenda kwa wateja. Alinipa kompyuta mbovu nifungue na kufunga. Hii yangu nimeifunga mwenyewe nyumbani, ila kufunga nyaya najua kwa namna yake tu. Nilitaka leo, mbele ya baba yako, nikwambie kwamba sitakupigia tena kwa sababu ya kompyuta."

"Kwa nini uende kwake? Ungekuja kwangu nikakufundisha."

"Ningekuja kwako, ningekuwa nimekupigia kwa ajili ya kompyuta tena."

Yunju alikumbuka maneno yake mwenyewe, akatamani meza immeze. Lakini wivu hautoki mwilini mara moja.

"Alikushika mkono?"

"Mara moja. Nilikuwa naingiza RAM kinyumenyume."

"Mkono upi?"

Chengyi akamnyooshea wa kulia. Yunju alichukua kitambaa chenye spiriti, kile cha kufutia prosesa, akaufuta mkono ule kidole kwa kidole, hakuruka hata kimoja. Majirani walitazama bila haya. Alipomaliza, alibandua ile nailoni, akafuta, akapaka dawa mpya, akafunga. Mashine ikawaka na kutulia, ikahema taratibu kama paka aliyeshiba.

"Na pakiti yangu? Ile ya siku ya kwanza?"

Chengyi aliitoa kwenye begi, imechakaa, kona moja imetafunwa. "Tarehe yake ilipita. Paka naye akaanza kuitafuna. Nilishindwa kuitupa, nikaifungia kabatini na mashati."

Halafu akatoa nyingine, mpya. Mbele ya pakiti, kwenye nafasi iliyoachwa ya kuandika jina, alikuwa ameandika kwa kalamu nene: Kwa kompyuta ya Yunju na Chengyi.

"Kompyuta ipi hiyo?" Yunju aliuliza.

"Ya nyumba yetu. Hatujainunua, hata nyumba bado. Utaifunga wewe, mimi nitakushikia tochi. Unioe, Yunju, au mimi nikuoe, vyovyote utakavyo."

Mtaa mzima ulisogea karibu, hata watoto wenye maganda kichwani. Yunju aligeuza ile pakiti, akasoma tarehe yake, akaigeuza tena. Macho yalikuwa yamemjaa machozi na alisingizia moshi.

"Huilan utamwalika?"

"Amenifundisha. Siwezi kumwacha."

"Basi akae meza ya nyuma," alisema Yunju. "Nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni."

Chengyi alimgeukia mzee Lai, hajui acheke au alie. "Baba, hapo amekubali?"

"Amekubali," alisema mzee, akimsogezea kile kigoda kitupu. "Kaa, soseji zinaungua."