Kitufe cha Efrazia

"Dada, acha kukanyaga mafuta! Unachimba kisima?"

Ilikuwa siku ya soko Lushoto, mvua imekatika sasa hivi, na gari dogo jekundu la Efrazia lilikuwa limezama matopeni nyuma ya meza za wauza kabichi. Nusu ya soko iliacha kununua ikageuka kutazama. Aliyepiga kelele alikuwa Tobia, dereva wa lori la mboga linaloshuka Mombo kwenda Dar es Salaam, kijana mrefu mwenye koti la jinzi lililopauka na tabasamu la mtu anayejijua ni mzuri. Efrazia, anayepeleka matunda kwenye hoteli za mjini, alishusha kioo. Alivaa gauni la kitenge cha njano, na kilemba alikifunga kwa makusudi kabisa ya kusumbua watu.

"Shuka nikutolee," Tobia alisema.

"Sishuki. Elekeza kwa mdomo."

Tobia alicheka, akainama dirishani, akamwonyesha kitufe chenye picha ya gari linaloteleza. Kinazima mfumo unaozuia tairi zisizunguke bure. Barabarani mfumo ule ni neema, ila ukishanasa kwenye tope unakunyima nguvu unayoihitaji. Efrazia akabonyeza, taa ya onyo ikawaka. Akalisogeza gari mbele, nyuma, mbele tena, likachomoka na kumrushia Tobia tope mpaka kwenye nyusi. Soko lilishangilia.

"Sasa usiuwashe tena," Tobia alisema akijifuta. "Huo ni wa watu wasiojua kuendesha. Mimi nikiingia gari lolote, la kwanza nazima."

Efrazia alimtazama machoni, akabonyeza tena. Taa ya onyo ikazimika, mfumo ukarudi kazini.

"Gari la nani?"

"Lako."

"Haya. Nipe namba yako ya simu, nikiteleza nijue wa kumlaumu."

Tangu siku hiyo simu hazikukoma.

"Halo, mbishi wangu. Uko wapi?"

"Nakaribia Soni, mpenzi. Ukungu mzito, hata pua ya gari siioni."

"Umeuzima?"

"Utelezi wote huu? Siuzimi."

"Ukinipenda utauzima, siku moja tu."

"Nakupenda na siuzimi. Vipakie vyote viwili kwenye lori lako."

Tobia alicheka mpaka utingo wake akadhani amechanganyikiwa. Alimpenda Efrazia kwa ubishi huo huo, asijue bado kwamba ubishi unaochekesha kwenye simu huuma ukiwa mbele ya watu.

Siku ya posa ikafika. Baba mdogo wa Tobia, Mzee Aron, ndiye aliyekuwa mshenga, naye alivaa suti nyeusi ya kanisani. Gari walilokodi likagoma asubuhi hiyo hiyo. Desturi haitaki binti apande gari moja na wanaokuja kumposa, lakini Efrazia alisema gari lake lipo, na kwao Mlalo anakwenda.

"Mwanamke atuendeshe kwenda kuposa?" Mzee Aron alihamaki. "Tutaingiaje kwa wakwe?"

Tobia alimtazama Efrazia kwa macho ya kuomba. Efrazia akatoa ufunguo.

"Kitufe changu usikiguse."

"Sikigusi, roho yangu."

Kwenye kilima cha mwisho kabla ya Mlalo manyunyu yalianza. Udongo mwekundu ukalainika, tairi zikataka kuteleza, mfumo ukapunguza nguvu, gari likapanda polepole.

"Dereva wa lori," Mzee Aron aliuliza kutoka kiti cha mbele, "leo unashindwa na kilima?"

Kidole cha Tobia kikaenda. Efrazia, nyuma, akiwa na blanketi la posa mapajani, aliona taa ya onyo ikiwaka.

"Tobia!"

Tayari alikuwa amekanyaga mafuta kwenye kona. Matako ya gari yakahama, bonde lote likajitokeza dirishani, kisha gari likageuka na kuangukia mtaro wa upande wa mlima. Chupa za soda za posa zilipasuka. Hakuna aliyeumia.

"Bahati mbaya, mpenzi..."

"Ni kidole chako. Shukeni."

Efrazia alikaa kwenye usukani na gauni lake jeupe. Mbele, nyuma, mbele tena, akalitoa gari mtaroni, akauwasha mfumo. Kisha akaliweka blanketi juu ya nyasi.

"Posa yenu hiyo. Itembezeni kwa miguu."

"Utaniacha hapa, mbele ya baba mdogo?"

"Si ndipo uliponivunjia ahadi?"

Akaondoka. Mimi namsifu, wanaotaka kununa wanune.

Mama yake, Dorkasi, hakumsifu. "Utazeeka na hilo gari lako!"

"Nitazeeka nalo, mama, mfumo ukiwa umewashwa."

Lakini usiku Efrazia alilia, maana alimpenda. Tobia alipiga simu siku nane mfululizo kabla hajapokelewa.

"Nitalipa bodi, Efra."

"Bodi limenyooshwa. Nakuuliza jambo moja. Lilikuwa gari langu, na uliniahidi. Aliyekaa pembeni alikucheka mara moja tu, ukasahau. Nikiolewa na wewe, wakikucheka tena, utanizimia nini kingine?"



Siku ya soko iliyofuata, Efrazia akiwa anapanga makreti ya peasi, mlango wa kushoto wa gari lake ulifunguliwa. Tobia aliingia akakaa, suti imenyooshwa, blanketi mapajani. Wauza kabichi waliacha kupima.

"Nipeleke Mlalo," alisema.

"Watakucheka."

"Wameshaanza. Efra, siku ile niliona aibu, nikakuhatarisha ili kuificha. Nisamehe. Cha kwako sikizimi tena."

"Na baba yako mdogo?"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mzee Aron aliingia na uso wa mtu aliyemeza dawa chungu, akafunga mkanda kabla ya lolote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Twende kabla mvua haijarudi."

Iliwakuta kwenye kilima kile kile. Gari likapunguza nguvu, likapanda polepole. Mzee Aron alivuta pumzi ya kusema.

"Baba mdogo, samahani," Tobia alimwahi, mikono yake ameikalia. "Dereva anaendesha."

Kona ikapita.

Baba yake Efrazia alitoka uani, akaenda moja kwa moja mlango wa kulia, wa dereva, kumpokea mgeni. Akatoka binti yake. Tobia alishukia kushoto, mbele ya mashangazi wote, akazunguka gari na blanketi lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee alimgeukia Efrazia. "Nani kamleta huyu?"

Efrazia alizima injini, akatia ufunguo kwenye mfuko wa gauni.

"Nimemleta mimi, baba."