Mzinga Ulionukia Udi

Mbarouk na mkewe Bimkubwa wanakaa Vitongoji, kisiwani Pemba. Zamani Mbarouk alikuwa mchumaji wa karafuu, na hapakuwa na mkarafuu uliomshinda. Siku moja tawi lilikatika, akaanguka, akavunjika mguu. Mfupa uliunga, lakini kupanda tena hawezi.

Basi akawa mtu wa barazani. Bimkubwa akienda shamba, yeye humsindikiza kwa macho tu. Chai huipuliza mpaka ikapoa, kisha asiimalize.

"Mie sasa n'na kazi gani?" aliuliza siku moja. "Nala na kulala tu."

"Usiseme hivyo, mume wangu," Bimkubwa alijibu. Lakini moyo ulimuuma.

Jirani yao, Bi Mwanawema, hufuga nyuki karibu na mikandaa ya pwani. Alimwona Mbarouk akitengeneza kiti kilichovunjika, akaona mikono yake ingali hodari.

"Mwanangu, nyuki hawa wa kufuga hawataki mtu apande mti," alimwambia. "Mzinga hukaa chini, usawa wa kiuno. Weye unda, mie n'takuonesha vipimo."

Mbarouk aliunda sanduku la mbao lenye miguu minne. Juu alipanga fito ambazo nyuki watajengea masega, kisha akafunika kwa bati. Mzinga wakauweka mwisho wa shamba, kivulini, penye maua na maji karibu, mbali na njia na mbuzi wa watu.

"Nyuki wakija, n'takuwa mtu tena," Mbarouk alisema. "Wasipokuja, msin'tafutie jambo jengine."

Bimkubwa aliyasikia maneno yale, akaanza shughuli yake ya siri. Kila Alkhamisi jioni, akisha kufukiza nyumba, alitia udi mpya kwenye chetezo akaenda nao mzingani. Akafunua bati, akafukiza ndani vizuri. Kwao mgeni wa heshima hupokewa kwa udi. Nyuki nao wana kosa gani?

Nyuki wachache walikuja. Wakazunguka tundu la kuingilia, wakaondoka zao. Mwezi ukaisha, ukaja mwengine. Asubuhi moja Mbarouk akachukua shoka.

"Bora mzinga uwe kuni," alisema.

Bimkubwa alitoka mbio, hata kanga ya kichwani ikamwanguka. Akarudi na Bi Mwanawema, anahema. Bi Mwanawema alifunua mzinga, akainama, akanusa.

"Ala! Mbona wanukia kama chumba cha biarusi?"

Bimkubwa akaangua kilio. "Ni mie, Bi Mwanawema. N'liwafukizia udi. N'litaka waje, mume wangu apate raha."

Mbarouk alimtazama mkewe. Shoka akaliweka chini, taratibu.

"Usilie, mwanangu," alisema Bi Mwanawema, huku akijizuia kucheka. "Udi ni wetu sie. Nyuki harufu kali huwakimbiza. Wao wataka harufu ya nyumba yao, nayo ni nta."

Siku ile ile walianza upya. Waliuanika mzinga juani, wakauparuza ndani. Ulipokwisha harufu, Mbarouk alipaka nta kwenye fito na kwenye tundu. Kila mguu wa mzinga akausimamisha ndani ya kopo lenye oili chafu, ili sisimizi wasipande.

"Sasa waacheni," Bi Mwanawema aliwaambia. "Msifunue kila saa. Na chetezo kibaki nyumbani!"

Walingoja. Mvua za vuli zilipopita, kundi zima likaingia. Mbarouk alikuja nyumbani anachechemea mbio, jambo ambalo asiyeliona asingeliamini.

"Bimkubwa! Wamekuja! Wamekuja, mke wangu!"

Miezi ikapita, masega yakajaa. Siku ya kurina, Bimkubwa alioga kwa maji matupu. Hakujipaka mafuta mazuri, hakujifukiza udi, wala asumini hakuvaa. Jioni walivaa nguo nzito, glavu na kofia zenye wavu. Mbarouk alipuliza moshi kidogo wa makumbi makavu ya nazi kwa bomba, nyuki wakatulia.

"Chukueni masega yaliyozibwa kwa nta tu," Bi Mwanawema aliwaelekeza. "Hiyo ndiyo asali iliyoiva. Yenye majana msiyaguse, hao ni watoto wao. Na asali nyengine waachieni wenyewe wale."

Asali waliichuja kwa kitambaa safi, ikaingia ndooni. Ndoo ilipofunikwa, Mbarouk alimega kipande cha sega, akamlisha mkewe kwa mkono wake. Chai ya jioni ile aliimaliza yote, akaomba nyengine.

Kisha akasema, "Bimkubwa, lete chetezo."

"Cha nini tena? Si umeambiwa nyuki hawautaki udi?"

"Nyuki wako shamba," Mbarouk alijibu, anatabasamu. "Mie ndiye niliyeukosa tangu asubuhi."